Rangi Haionyeshwi Jua

Mghoi rafiki yangu,

Umelala huko chini ya mlima Kasigau na kikapu umekiacha nusu. Ndivyo ulivyokuwa, kuanza na kuacha. Lakini siandiki kukugombeza. Sana.

Unakumbuka wazee wa maji walivyotukataza kutia mkonge rangi, kwa kuwa maji yetu mekundu yaliingia kijitoni na mbuzi wakayakataa? Ulikufa ukinung'unika kwamba kikapu chako kitamalizwa cheupe kama uji. Sasa sikiliza.

Mjukuu wangu Wakesho, yule uliyesema masomo yatamkausha, alikuja likizo kutoka chuo kikuu na vichupa vyake. Akasema kuna unga mweupe, ndugu ya ule wa rangi ya ukuta, ambao ukipata mwanga pamoja na rangi yetu, rangi inavunjika yenyewe. Shida ni kwamba rangi inazurura majini, haikai karibu na unga. Basi anaongeza vikombe vidogo mno, jicho halivioni, vilivyotengenezwa kwa wanga. Rangi inaingia humo na kutulia, haikugundishwa wala kufungwa, kama mgeni aliyepewa kiti. Hapo unga unaifikia. Nikamwambia wanga ni wa uji. Akacheka.

Akaacha beseni la maji yetu mekundu, lenye unga na vikombe vyake, uani, akashuka mjini Voi. Kurudi, maji ni mekundu vilevile. Nilimsema mpaka akainama: miaka yote hiyo shuleni, beseni moja limekushinda. Akaniuliza polepole, "Nyanya, nani ameliweka kivulini na kulifunika gunia?"

Mimi. Na kosa ni lako, Mghoi. Nani alinipiga mwiko mkononi nilipoolewa hapa, akisema, "Rangi haionyeshwi jua"? Mkono wangu umezoea, ukiona rangi unatafuta kivuli.

Tukalirudisha juani. Kila asubuhi nilichungulia. Wekundu ukafifia, ukafifia, unga ukatua chini, nikaona maua yaliyochorwa ndani ya beseni. Yule mzee mkali wa maji alikuja, akachovya kidole, akakitazama, akakinusa. Wakesho amebeba chupa moja ikapimwe chuoni, na mpaka wajue ni salama, hata tone lisiende kijitoni. Lakini wazee wameturuhusu kutia rangi, mradi maji yabaki ndani ya beseni.

Kwa hiyo kikapu chako kiko mapajani mwangu. Nitakimaliza kwa ule wekundu mkali ulioupenda, na nyuzi nitazianika kivulini kama ulivyotaka. Maji ndiyo yataonyeshwa jua.

Pumzika, mkaidi wee.

Mimi mwenzako,
Mkamburi