Neno Alilobaki Nalo Baba

Kaka yangu mgumu wa barua,

Huku hatujambo. Miche ya mipapai imechipua vizuri, na mbuzi wa jirani bado ni mwizi. Baba sasa anatembea kwa fimbo, ila kile kiharusi kimemwachia neno moja tu: tifutifu.

Unalikumbuka? Alikuwa akifinya udongo kiganjani, anafungua mkono, kisha anaudonoa kwa kidole. Ukibaki bonge, anasema bado. Ukimomonyoka, anaita, "Tifutifu! Leteni miche!"

Basi nimekuwa mpelelezi wa neno hilo. Nilimletea mchanga mkavu wa mafundi, akatikisa kichwa. Mkate uliokauka, akanuna. Keki ya mama alipoigusa ikameguka, akacheka: "Tifutifu!" Kumbe si kila kinachovunjika. Ni kile kinachoshikana, lakini kikiguswa kinaachia.

Juzi nikamwambia unamsalimia. Usinune, najua hukumsalimia. Nilidhani atageukia ukutani, kama afanyavyo ukitajwa tangu mlipogombana. Badala yake akaufumba mkono wake mtupu, akaufungua, akakidonoa kiganja kwa kidole.

"Tifutifu," akasema, macho yake getini.

Mimi nimemaliza upelelezi. Na wewe unamjua baba, kaka: udongo ukifika hapo hangoji kesho, maana jua likiupiga unarudi kuwa bonge.

Ni mimi mdogo wako, mwenye udongo kwenye kucha.