Divai Nyeupe ya Tata

Muleba, 9 Agosti 1974

Kaka yangu mpendwa Mujuni,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wifi Klaudia. Watoto hawajambo? Huku tunaendelea kuchuma kahawa. Tata anakohoa tangu baridi ya mwezi uliopita, lakini shambani anakwenda.

Habari kubwa ni kwamba misheni imekipa kijiji shamba la zabibu liwe la ujamaa. Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano. Mwenyekiti Ishengoma alisema mizabibu ni mizee, ing'olewe tupande maharage. Bibi mmoja akauliza divai ya altare itatoka wapi. Mwenyekiti akajibu kwamba anayejua kuitengeneza ni baba yetu, mzee Karugendo, peke yake, na wote tuliona alivyoilinda. Watu wakacheka. Tata alikuwa amekaa nyuma, akainamisha kichwa.

Kaka, miaka ishirini na miwili Tata aliipogoa mizabibu ile kwa mkono wake. Alikamua zabibu, akaziacha zichachuke zenyewe, bila sukari, bila tone la maji. Alisema zabibu imeumbwa na kila kitu chake. Ndiyo maana ile Kwaresima ya mwaka sabini, Padre alipokuta divai ina ukungu na inanuka ndizi, ilikuwa kama kumkuta Tata amelewa mbele ya altare. Alifukuzwa kazi, akaitwa mlevi na mwizi aliyeinywa akajazia. Nawe ukamwandikia kwamba amekuaibisha, hutakanyaga tena kwake.

Divai ile niliiharibu mimi.

Tata alinipa ufunguo wa stoo ya divai nikaoshe vyombo. Nikafungua koki ya pipa nionje kidogo. Mara nikasikia lori la nguo limefika kwenye duka la ushirika, nikakimbia, koki sikuifunga vizuri. Niliporudi, karibu nusu ya pipa ilikuwa sakafuni. Niliogopa sana. Nikapiga deki, nikachuja omuramba, maji yale matamu ya ndizi mbivu, nikajaza pipa. Walipomshika Tata nilikaa kimya, na miaka minne nimempikia chakula nikiwa kimya.

Baada ya mkutano nilimfuata kwenye migomba, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuwa Mujuni?"

Sikuelewa. Akasema, "Wiki ile kaka yako alikuwa hapa likizo na rafiki zake, akaniomba ufunguo awaonjeshe divai, nikamkatalia. Nilidhani aliuiba. Ana kazi ya serikali, ana mke. Nikaona afadhali waniite mimi mwizi."

Nikamuuliza kuhusu ile barua uliyomwandikia. Akajibu kwamba alidhani unajificha nyuma ya maneno makali, kwa hiyo hakukujibu, asije akakuumbua.

Padre nimekwisha kumwambia, na Jumamosi ya wiki ijayo nitasimama mkutanoni. Tata hajasema kama amenisamehe, nami sijathubutu kumwuliza. Tangu siku ile hali chakula mpaka nikae naye.

Wewe ulimhukumu kwa kosa langu, naye alikuwa analibeba akidhani ni lako. Chukua basi la Ijumaa, kaka. Hata ukinipiga nitanyamaza, ila uanze kwake.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Wakiuliza habari za babu yao, waambie hakuiba.

Ni mimi mdogo wako mwenye kosa,
Joviana