Hiba aliishia kwenye "usi"

Maha, simu ya binti yangu Hiba imekatika! Alinipigia kutoka Musaga: "Maman, baba mudogo Sleiman akifika, usi..."

Usi nini? Forfait yake, kile kifurushi cha mwezi, imekwisha palepale. Nilimwambia anunue unités, salio la kawaida, zile hazina tarehe ya kufa. Akanicheka: "Maman, we ni wa zamani!"

Na Sleiman nilishamufungulia! Ni mudogo wa marehemu mume wangu, ningemukataza vipi? Amekaa kwenye kiti cha marehemu, ameleta juisi na karatasi za nyumba. "Shemeji, kunywa kwanza, halafu utie sahihi."

Usinywe? Usisaini? Wallahi sijui.

Mi nimebaki na internet tu. We una unités, mupigie Hiba, muulize: usi nini?

Niko jikoni, nimesema natafuta glasi. Ananiita tena: "Shemeji, juisi inapata joto."