Kaka Hayupo, Kaenda Foshan

Kaka yangu Saidi,

Nakuandikia nikiwa nimejifungia chumbani kwetu mtaa huu wa Kangle, Guangzhou, na cherehani za jirani zinanguruma ukutani. Tangu polisi wakurudishe ndani sitoki ila kununua mchele, nao naununua mbiombio.

Unamkumbuka Bi Rukia wa kwetu Majengo, aliyezoea kuja kutusalimu asubuhi akaketi mpaka chai ya jioni? Mama akisikia kandambili zake hujibanza nyuma ya pazia, mimi hutumwa mlangoni: "Mama hayupo, kaenda Likoni." Wewe uko uvunguni mwa kitanda unabana kicheko. Siku moja kikakushinda, naye Bi Rukia akasema Likoni siku hizi imesogea karibu. Mama alituchapa sote wawili.

Basi uongo ule ule ndio uliokufunga. Ile Alhamisi ulipokuwa na homa, umejifunika mablanketi mawili, akaja Bwana Kassim, na tunamjua, akikaa hanyanyuki. Nikamwambia pale mlangoni kuwa umekwenda Foshan, mji wa jirani. Nilisahau kabisa kwamba wamekutoa kwa dhamana, na hukuruhusiwa kutoka Guangzhou mpaka kesi ya lile kontena la simu iishe. Mdomo wangu huu, kaka. Kassim akayasema mkahawani, mtaa wa Dengfeng, aliyeyasikia akamwambia mwenziwe, mpaka yakafika kituo cha polisi ulikokuwa ukiripoti kila Jumatatu.

Yusufu, yule mwanafunzi wa Tanga aliyekutafsiria siku ya kikao, amenisimulia yote. Walisoma karatasi: inasemekana umetoka nje ya mji. Ukauliza ni nani aliyekuona. Hakuna aliyekuona, yupo aliyeambiwa na mtu aliyeambiwa. Ukaomba aletwe mmoja tu, uulizane naye uso kwa uso. Wakasema hakuna haja, hapa wanaangalia dhamana tu, kesi yenyewe bado. Nilikasirika mpaka nikalia. Hata kuku akipotea kwetu Majengo, hushiki mtu kwa "nimesikia".

Kisha wakakuuliza kama yuko wa kuthibitisha kwamba siku ile ulikuwa nyumbani. Unaishi na nani? Ukajibu, "Naishi peke yangu."

Peke yako, kaka? Uji alikupikia nani, na kile kitambaa cha maji usoni pako alikiweka nani? Najua kwa nini ulisema vile. Viza yangu imekwisha tangu Ramadhani, na wakinijua watanifunga, kisha wanirudishe Mombasa. Safari hii mimi ndiye uliyenitia uvunguni, ukasimama mlangoni wewe.

Nilimwomba Yusufu nimwandikie maelezo ayapeleke. Alikwenda kuuliza, akarudi kichwa chini. Wamesema maandishi ya mtu asiyekuwepo hawayapokei, aje mwenyewe ahojiwe. Nikacheka kwa uchungu, maana Kassim hakuwepo na maneno yake yalipokewa.

Naogopa, sikufichi. Siku ya tisa leo nahesabu kila hatua ya mtu ngazini, na mtu akibisha mlango sipumui mpaka aondoke. Sina hata wa kusema nimekwenda Likoni. Lakini nimemwambia Yusufu anipeleke Jumatatu nikahojiwe mwenyewe, na paspoti nimeshaitia mkobani.

Wakikuuliza tena unaishi na nani, kaka, nitaje.

Mdogo wako, tulionyonya ziwa moja,
Zuhura