Kuzunguka Tanzania na Riziki

Jumanne, 10 Juni

Leo tena nimezima gari katikati ya barabara, Ukunda mjini, saa ya watu wengi. Tuktuk zote zikanipigia honi. Mwalimu wangu wa udereva, kijana wa bara, ati, "Mathe, relax, achilia klachi polepole." Umri huu wangu naitwa Mathe, si Mama. Nimenyamaza tu kwa sababu kioo kilikuwa wazi na watu wananijua.

Baada ya somo nikapita kwa Riziki. Chai, mahamri, ramani tukaitandaza mkekani kama kawaida yetu. Safari ya kuzunguka Tanzania tumeizungumza tangu tulipokuwa sote dobini pale hotelini Diani, tukikunja mashuka ya wageni. Wao wanazunguka nchi za watu, sisi hata Tanga hatuijui! Sasa tumestaafu, waume zetu wako kaburini, gari la marehemu mumewe lipo. Tutakwenda bila haraka. Tukichoka twalala. Tanga, Lushoto, Moshi, Dodoma, Iringa, Morogoro, Bagamoyo, mwisho Pangani kwa bintiye Mwanaidi.

Lakini jambo moja halijanikaa sawa. Riziki anajua kuendesha, na leseni anayo. Mimi sikuomba kufundishwa. Yeye ndiye aliyeniandikisha kwa huyu kijana, akanisukuma mpaka nikakubali. Nikimuuliza sababu, asema ni kupokezana usukani. Riziki ninayemjua mimi hampi mtu hata mwiko wake ashike.

Ana lake jambo.

Alhamisi, 19 Juni

Hamisi mwanangu amekuja akitoka zamu ya ulinzi, hata hajavua sare. Anataka kitambulisho changu akakipige picha. Cha nini? "Mambo ya mpakani, mama." Mpakani nitakwenda mimi mwenyewe na uso wangu. Nimemnyima.

Mwezi wa nne kijana huyu huyu alikuwa hataki kuisikia safari hii. Ati wanawake wazee wawili, gari bovu, nchi ya watu. Leo anakagua magurudumu. Anatuletea habari za bima ya kuvukia mpaka na kadi za chanjo. Anauliza tutakaa muda gani huko, na akiambiwa ni wiki nyingi, anafurahi.

Nani anafurahi mamake akiondoka?

Madalali wa viwanja wamejaa Diani siku hizi, wanazunguka kama nzi. Kiwanja changu kina hati na kiko karibu na lami. Sisemi kitu. Hati nimeihamisha leo hii, nimeificha mahali ambapo hata mimi nitapata kazi kupaona.

Jumapili, 29 Juni

Nimewakuta. Nimeingia uani kwa Riziki bila kupiga hodi mara ya pili, nao wamekaa jikoni, Hamisi na Riziki, vichwa vimekaribiana. Kuniona tu, wakajitenga. Riziki akaniuliza kama maharagwe yangu yameshaota. Sijapanda maharagwe tangu mwaka juzi.

Hamisi akasimama, akaaga, akasahau kofia yake.

Nimejitia hamnazo. Nikanywa chai. Nikaona banda la kuku halina kuku. Nikauliza. "Nimewagawa, shoga. Nani atawalisha tukiwa njiani?" Kuku wale aliwapenda kuliko watu. Mwaka jana jogoo wake alimdonoa mtoto wa jirani, na aliyekemewa ni mtoto.

Sikumuaga vizuri. Yaniuma kuandika hivi, lakini simwamini. Mtu niliyeosha naye mashuka ya mahoteli, niliyelia naye kwenye misiba yangu yote miwili. Na mwanangu wa kumzaa simwamini vilevile.

Jumatano, 9 Julai

Nimeendesha mpaka Kinango na kurudi! Riziki kando, mimi usukanini. Sikuzima hata mara moja. Ng'ombe wa mnadani walinivukia njia nzima, nikasimama, nikangoja, nikaondoka bila kushtua gari. Wanawake kwenye foleni ya maji wakanipigia vigelegele waliponiona na buibui langu nyuma ya usukani. Nimejiona mtu.

Riziki naye kaiharibu furaha yangu kwa neno moja. Tulipokuwa tunashuka kuelekea Kwale akasema, "Sasa hata kutoka Tanga mpaka hapa waweza kuja peke yako."

Peke yangu? Nani kasema peke yangu?

Akacheka, akaanza kuzungumza habari za embe.

Jioni nimeitazama ile ramani upya. Kila kituo Riziki amekipangia. Lushoto twalala kwa nani, Dodoma twakula wapi, Bagamoyo gari tunaliacha wapi tukitembea. Mpaka rangi ya leso tutakazovaa Iringa kwa sababu ya baridi. Tukifika Pangani, basi. Hakuna zaidi. Kutoka Pangani kuja nyumbani hakuna mpango wowote. Nimempigia simu na kumuuliza. "Aa, hapo tutaona." Riziki hajapata kusema tutaona maishani mwake.

Wanataka nisirudi haraka. Ndivyo nilivyoelewa. Nibaki huko, huku nyuma Hamisi afanye lake. Na Riziki ndiye wa kunichelewesha.

Ijumaa, 18 Julai

Mtihani wa udereva nimefaulu. Alhamdulillahi. Yule kijana wa bara amenipa mkono, akaniita Mama. Nimemsamehe ya Mathe.

Mchana tumekwenda Majoreni kuzuru kaburi la mamake Riziki. Hilo ni jambo la kawaida, mtu akisafiri huwaaga wazazi wake. Tumesoma Yasin, nikadhani tumemaliza. Yeye hakuinuka. Akang'oa majani kwa mkono, moja moja. Akapanga upya mawe ya pembeni. Akamwita binamu yake akamwonyesha mpaka wapi pa kufyeka na lini, akamrudia maneno mara mbili. Kisha akalia kilio ambacho sikukisikia hata siku ya mazishi.

Mtu wa kwenda matembezi halii hivyo.

Njiani nimemuuliza kama kuna kitu. Akasema vumbi limemwingia. Barabara ile ni ya lami.

Jumamosi, 26 Julai

Hitimani leo, nyumba ya pili kutoka kwa Riziki. Nikiwa napembua mchele na Bi Zuhura, jirani yake, akaniambia, kama jambo ninalolijua, "Riziki naye katutoa machozi. Kapita nyumba hadi nyumba kutuomba radhi."

Ungo ukanitoka mikononi. Mchele wote chini.

Radhi! Kila mtu huku anajua radhi huombwa lini. Mtu akienda Hijja, huwapitia aliokaa nao, nisameheni nilichowakosea, nami nimewasamehe. Mgonjwa akijiona hana siku. Na mtu anayehama moja kwa moja. Haombwi mtu radhi kwa kwenda kutazama milima ya Lushoto!

Kampitia Zuhura. Kampitia muuza samaki. Kampitia hata yule jirani wa jogoo. Mimi, niliyekaa naye kuliko wote hao, sijaombwa. Nimewaokotea mchele wao punje kwa punje, nikatabasamu, nikasema ndiyo, nami aliniambia. Uongo mtupu, na kwenye hitima. Astaghfirullahi.

Hijja imepita juzi tu. Basi ni ugonjwa. Ee Mola, isiwe ugonjwa. Afadhali wawe wananiibia kiwanja.

Jumapili, 27 Julai

Amepiga simu mara kadhaa. Sikupokea. Naogopa.

Jumatatu, 28 Julai

Nimekwenda asubuhi. Gari liko uani, buti wazi, naye yuko ndani akitafuta kamba. Nimechungulia. Kitu kizito kimefunikwa leso. Nimefunua. Cherehani yake!

Nani huzunguka nchi kwa matembezi na cherehani?

Akanikuta nimeishika. Hakusema vumbi tena, wala embe. Akakaa kwenye ukingo wa kibaraza, akaniambia yote.

Haugui. Anahama. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Wengi wetu huku tulijenga hivyo, nyumba yako juu ya kiwanja cha mtu, kwa maneno ya mdomo na kodi kila mwaka, na wazee walipokuwa hai hakuna aliyemtoa mwenzake. Sasa mwenye kiwanja amekufa na warithi wameuza. Sisi tukiwa njiani, nyumba itabomolewa. Yeye atabaki Pangani kwa Mwanaidi. Gari ananiachia mimi. Ndiyo maana ya yale masomo yote. Ndiyo maana ya kitambulisho, liandikwe jina langu kabla ya mpaka. Hamisi alijua tangu mwezi wa tano. Kamlisha kiapo.

Na mimi nilikuwa naficha hati!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungenivuta nikae kwako. Nami ningekubali, Mwanasha. Ningekubali, kisha ningeamka kila siku najua nimekaa kwa mtu."

Kwa mtu. Mimi ni mtu!

Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia ni mnafiki, kaniburuta nchi nzima ili amalizie kwa kunitupa. Akaniacha nimalize. Kisha akanishika mikono yote miwili, akainamisha kichwa, akaniomba radhi. Alisema kwangu ndiko kulikomshinda kuanza.

Nimemnyima.

Najua ni jambo zito. Najua mtu hanyimwi. Lakini nikimpa ataondoka hana deni na mtu, mwepesi, kila kitu kimekwisha huku. Nikamwambia radhi yangu haitolewi leo hapa kibarazani kwake, wala Pangani barazani kwa bintiye. Inatolewa nyumbani kwangu, sebuleni. Aje aifuate mwenyewe, akiwa ametokea huko Pangani.

Akasema, "Una roho mbaya wewe." Nikasema ndiyo. Tukalia sote wawili kama watoto, mbele ya Bi Zuhura aliyekuja kuomba kiberiti.

Jumanne, 5 Agosti

Hamisi amekuja kunisihi. Ati, "Mama, mpe, mtu mzima yule." Nimemwambia yeye na siri zake anyamaze. Nilipomaliza kumfokea nikamkumbatia, maana nilimdhania ubaya mkubwa na hajui, wala sitamwambia. Nimempa kitambulisho.

Hati sijaiona. Nimepekua nyumba nzima.

Tutakwenda. Nilifikiria kukataa. Siku kadhaa nilikuwa nimekataa kabisa moyoni. Lakini nikikataa atapanda basi la Tanga peke yake na cherehani begani, nami nibaki hapa na hasira zangu. Hapana.

Leo tumechemsha maji pamoja, tukaosha mashuka tutakayolalia njiani. Tumekunja kama zamani, yeye ncha zile, mimi ncha hizi. Nina hasira naye bado. Sijui nitaamka vipi siku ambayo hakuna mtu wa kumpitia.

Jumapili, 17 Agosti. Tanga

Tumefika. Alhamdulillahi.

Nimeendesha mimi tangu Diani. Msambweni tukanunua mihogo ya kukaanga, tukala garini. Lunga Lunga hapakuwa na foleni. Upande wa Horohoro afisa, kijana mpole, akatuamkia shikamoo, akauliza gari la nani. Nikasema langu.

Akauliza mnarudi lini. Riziki akainama akafungua mkoba wake, akatafuta kitu kisichokuwemo. Nikajibu mimi, "Mwezi ujao inshallah, sote wawili." Akagonga mihuri. Riziki hakunisahihisha. Alifunga mkoba.

Njia nzuri. Katani, minazi, tena katani. Kila kijiji kina kibao cha mwendo, nami hata kisipokuwepo siendi mbio. Lori zilinipita, basi zilinipita, mzee wa baiskeli alikuwa karibu kunipita. Riziki akasema kwa mwendo huu tutafika Lushoto na mvi mpya. Nikamwambia ni yeye aliyetaka safari ya polepole.

Nyumba ya wageni ni safi. Mashuka yamekunjwa vibaya, tumeyakunja upya. Tumekula samaki wa kupaka. Sasa yeye amelala na mdomo wazi, kilemba kimemvuka, na upepo wa alasiri unaingia dirishani. Nimemfunika miguu.

Pangani kumbe ni pua na mdomo na hapa. Ukitoka sasa hivi, jua halijazama ushafika. Nimeitazama ramani muda mrefu. Kutoka Iringa kuna njia inakwenda mpaka Mbeya, kisha Songea, kisha Lindi, halafu ndiyo unapanda na pwani. Wasema ni mbali sana na kuna milima. Nimeichora kwa kalamu ya wino.

Riziki bado sijamwambia.