Gurudumu Lililomkata Bolle Kidole

Franeker,
14 Machi 2019

Mpendwa dada Hinke,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, Gerlof na Nynke mkiwa na afya njema huko Dunedin, na kwamba kikohozi ulichokitaja mwezi uliopita kimekuachia. Huku tu wazima. Mama bado anakwenda sokoni kwa baiskeli kila Jumamosi, upepo uwe utakavyokuwa. Asiye mzima kamili ni mmoja tu, naye ndiye sababu ya kukuandikia badala ya kukupigia simu, maana kwenye simu ningepandisha sauti.

Ni Bolle. Kalunguyeye wako, uliyeniachia kwa sababu huko uliko hawamruhusu kuingia, amekatwa kidole kimoja cha mguu wa nyuma. Yu hai, anakula, na daktari anasema atatembea vizuri. Nimetanguliza hilo usije ukayasoma yaliyobaki kwa hofu.

Unamjua alivyo. Wengi wa aina yake hawafiki nusu kilo. Yeye sasa ana gramu mia tisa na kumi, na daktari amethibitisha kwamba si mafuta, ni umbo. Gurudumu la zamani la kukimbilia, lile analoingia ndani na kulizungusha kwa miguu usiku kucha, lilikuwa linamkunja mgongo, nami nikasema mbele ya kaka Durk kwamba natafuta kubwa zaidi. Pengine hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Siku yangu ya kuzaliwa, viti vikiwa vimepangwa duara kama kawaida na kila mtu ameshika kipande chake kimoja cha keki, Durk aliingia na zawadi iliyofungwa kwa gazeti. Alikuwa amechukua ringi mbili za baiskeli ya mtoto, akaziunganisha kwa wavu wa waya wa banda la kuku, na katikati akatia gololi mpya za chuma za kulainisha mzunguko. Ukilisukuma kwa kidole, lilizunguka mpaka ukachoka kulitazama.

Nilisema, kwa sauti ya chini, kwamba matundu ya wavu yanapitisha mguu, na kwamba mnyama huyu anahitaji sakafu nzima isiyo na upenyo.

"Tjitske, mimi ni fundi baiskeli mwaka wa thelathini huu," akanijibu. "Wewe soma vitabu vyako. Gurudumu niachie mie."

"Labda anataka umfungie na kengele, Bolle asije akagonga watu," akadakia mjomba Rinse, na duara zima likacheka.

"Kula keki, mwanangu," mama akaninong'oneza. "Kaka yako kahangaika."

Nikala keki. Tunajisifu kwamba sisi ni watu wa kuambiana ukweli usoni, lakini katika duara lile zawadi husifiwa kwa zamu, na asiyesifu ndiye anayeharibu shughuli. Zamu yangu ilipofika, nikasifu. Wageni walipoondoka, nikaliweka gurudumu kizimbani mwa Bolle kwa mikono yangu mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu nilikuta damu. Mguu ulikuwa umezama wavuni, na gurudumu halikusimama, kwa sababu gololi za Durk ni nzuri mno. Lingekuwa bovu, lingekwama, na kidole kingepona. Hilo linanichoma kuliko yote.

Nilipompigia simu alisema, "Sasa kalunguyeye gani huyo, mzito kama mkate? Mpunguzie chakula." Neno pole hakulitamka. Niliyomjibu sitayaandika hapa.

Nimejaribu kumtendea haki. Yeye hakujua, mimi nilijua nikanyamaza, kwa hiyo huenda hasira hii ilipaswa kunirudia mwenyewe. Lakini nilipomwambia, alinicheka mbele ya watu. Kila fikra zangu zikifika hapo, haki inanishinda.

Nikanunua jingine dukani, lililoandikwa kuwa ni la kalunguyeye. Sentimita ishirini na nane, na ekseli, ule mtaimbo linalozungukia, inapita katikati, palepale ambapo mgongo wa Bolle ungepita. Sijui wao walimpima kalunguyeye yupi. Nikalirudisha.

Juzi Durk aliacha la pili mlangoni, bila kubisha hodi. Nilitaka kulitupa. Nikachukua rula badala yake, nikitafuta kasoro kwa bidii ambayo, nakiri, haikuwa ya mtu asiye na upande. Upana wa duara ni sentimita thelathini na nne. Sakafu ni plastiki nzima, laini, bila hata ufa, ya kuosheka kwa urahisi, maana unajua anavyochafua akikimbia. Limeshikwa kwa nyuma tu. Hakuna kinachopita ndani. Kitako ni kizito, halitikisiki. Na gololi amezibana: ukiliachia, linasimama lenyewe.

Kumbe alinisikia. Hilo nalo limenikasirisha.

Mnyama ni wako, Hinke, na ungekuwa karibu ningekuuliza kwanza. Kesho daktari anamfungua bandeji. Gurudumu litakaloingia kizimbani ni la Durk, kwa sababu ni bora kuliko yote niliyoyaona. Usidhani nimemsamehe. Nimepima tu.

Mama anawasalimu nyote, na mjomba Rinse pia, ingawa sikumwomba atume salamu. Mbusu Nynke kwa niaba yangu. Mungu awalinde katika nyumba yenu mpya, na unisamehe kwa kile kidole.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Tjitske