Wavu wa Nguzo ya Sita

Jumamosi 11 Oktoba

Baridi, lakini Njombe mwezi wa saba ni zaidi. Kazi bado ile ile. Kamba.

Nasimama juu kabisa ya kilima nimeshika kamba. Kilima chenyewe theluji hakina. Ni plastiki yenye manyoya magumu kama brashi ya kufulia, inamwagiwa maji, watu wanateleza na ski, zile mbao ndefu za miguuni. London hii! Katikati wavu wa rangi ya chungwa. Kushoto watoto wa klabu, wanajiandaa na mashindano. Kulia watu waliokata tiketi. Naangalia chini, kukiwa wazi nainua kamba, mtoto mmoja anashuka kama risasi. Kusipokuwa wazi napiga filimbi. Meneja Komal kanipa sheria moja tu — usitoke kwenye kamba.

Mama Sushila kaja tena. Mhindi wa Mwanza, anakaa Neasden, miaka sitini na nane. Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Eti wajukuu kila mwaka wanakwenda milima ya theluji ya kweli, yeye wanamwachia mabegi mgahawani. Kasema, mwaka huu nateleza na mimi, waone! Anashuka kama kinyonga. Akifika nguzo ya sita, zile za taa upande wake wa wavu, anasimama, anavuta glovu. Kila mara pale pale.

Mimi mbele za watu ulimi unakufa. Kwake nasema shikamoo mama, anaitika marahaba mwanangu, basi. Leo kaniuliza, we Kizito, unaogopa kilima au unaogopa watu? Nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka nyumbani, Woolwich.

Jumamosi 18 Oktoba

Mungu wangu.

Niandike kama ilivyokuwa. Asubuhi kocha Gareth kavuta wavu. Una vipande viwili, cha juu na cha chini. Kavuta cha chini, kakiingiza upande wa wenye tiketi, hatua nne nzima. Mashindano yamekaribia, anataka njia pana. Kasema dakika ishirini tu, naurudisha. Mimi nani nimbishie? Lakini niliona — nguzo ya sita imeshakuwa upande wa klabu. Na kati ya vipande viwili pamebaki wazi kama mlango.

Mama Sushila kashuka. Njia yake ya siku zote, hakukata kona wala nini. Kapita pale pa wazi, kafika nguzo ya sita. Kasimama. Anavuta glovu.

Filimbi nilikuwa nayo mdomoni! Nikashindwa. Mama mtu mzima vile, nimpulizie filimbi kama mbuzi kaingia shamba? Kwetu mkubwa unamfuata alipo, unamwamkia, ndiyo unasema yako. Nikatundika kamba kwenye ndoano yake, nikashuka ngazi za pembeni mbio. Nikamfikia. Nikaanza, "Shika—"

Nyuma yangu plastiki ikalia. Sssss. Katoto ka helmeti nyekundu. Kamba kameinua kenyewe, Gareth kule chini kapunga mkono ashuke, macho yake yako kwenye saa.

Ile sauti ya mfupa siiandiki.

Katoto hakakuumia, kanalia tu. Mama Sushila ni paja. Ambulensi ikaja, watu wote wakageukia ambulensi. Mimi nikageukia kilima. Gareth anarudisha wavu! Taratibu, kama mtu anaanua nguo. Kageuka. Kaniona namwona.

Jumapili 19 Oktoba

Kanisani sikwenda. Mama yangu kauliza unaumwa? Nimesema tumbo. Kila gari likisimama nje najua polisi.

Jumatatu 20 Oktoba

Tony wa dirisha la kukodisha viatu, yule Mkenya, kanipokea kwa kelele. Weh, Bongo! Umekuwa staa, uko kwa kamera! Halafu kaona uso wangu. Aki pole, sikujua ni hivyo.

Nimemuuliza kamera inaona nini. Kamera ni moja, inaangalia juu, kwenye kamba. Kwa hiyo mimi natoka naonekana. Mtoto anainua kamba anaonekana. Chini haioni. Wavu haupo kabisa!

Mchana Gareth kanikuta stoo, kafunga mlango. Hakufoka. Bora angefoka. Kasema, uliacha kamba, sijamwambia mtu. Yule mama alipita chini ya wavu, au siyo? Basi tunaelewana. Kanigusa bega. Mpaka sasa bega linaniwasha.

Viza yetu ni ya mama, kwa kazi yake ya kutunza wazee. Mimi nimefuata nyuma yake tu. Wakinishitaki yeye inakuwaje? Barua zao za viza sijui kuzisoma. Darasa la saba, na lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu.

Jumatano 22 Oktoba

Nilimwambia mama nusu tu. Kwamba yule mama wa Mwanza kaanguka. Kasimama katikati ya jikoni. Mtu anakuita mwanangu, siku ya nne hii hujakwenda kumwona? Nimekuzaa au nimekuokota? Kapika uji, kaujaza kwenye chupa ya chai, kanitanguliza mbele kama mfungwa mpaka hospitali.

Mama Sushila kawa mdogo kitandani. Vyuma kwenye paja. Mjukuu wake Priya yupo, Kiswahili anasikia ila anajibu Kiingereza. Mama yangu kamimina uji, wakaanza kuulizana habari za nyumbani kama wamekua mtaa mmoja. Mimi mlangoni.

— Njoo hapa we. Siku ile ulikuwa unaniamkia, siyo?

— Ndiyo mama.

— Mjinga mkubwa! Ungeniita hata mbwa ningesogea. Siku nyingine piga filimbi, matusi nitakupa baadaye.

Mama yangu akacheka mpaka uji ukamwagika. Mimi machozi hayo.

Halafu Mama Sushila kasema, huku anashika shika shuka. Klabu wameandika barua. Eti kapita chini ya wavu. Priya kasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba bibi siku hizi anachanganya mambo, baba hataki tena akae peke yake wala atoke peke yake. Mama Sushila kasikia yote. Kaniangalia.

— Labda nilipita. Wote wanasema hivyo. Kichwa changu hiki, sijui tena. Wewe ulikuwepo. Nilipita chini ya wavu, Kizito?

Nimesema sikuona vizuri.

Mimi! Mwenye kazi ya kuangalia!

Alhamisi 23 Oktoba

Sikulala. Sikula. Mama kanitazama tu, hajauliza. Hilo ndilo linanitisha zaidi.

Jumamosi 25 Oktoba

Naandikia ofisini kwa Komal. Niko peke yangu. Haraka.

Gareth kavuta tena! Wiki moja tu! Kipande kile kile cha chini. Nikaona mzee anashuka upande wa tiketi na mtoto wa kofia ya kijani. Wanakwenda wapi? Nguzo ya sita. Mzee akainama kumfunga mtoto kiatu. Na kwenye kamba yangu mtoto wa klabu ameshainama, tayari.

Miguu ilitaka kwenda. Naapa, ilishaanza. Nikaishika kamba kwa mikono miwili, nikapuliza. Sikujua filimbi ile ina sauti hiyo! Nikaitema, nikapiga kelele, MZEE TOKA! TOKA HAPO! Kiswahili kitupu. Mzee kashtuka, kambeba mtoto, kakimbilia pembeni.

Watu wote wananitazama mimi.

Gareth kapanda mwekundu, eti nimeharibu mazoezi, eti nina wazimu. Komal naye katoka. Kaangalia wavu. Kaangalia nguzo. Kauliza, Jumamosi iliyopita ulikuwa hivi hivi? Kamuuliza Gareth, lakini macho yako kwangu. Gareth kajibu kwanza. Hapana, leo tu. Tena kasema, mwulize huyu, siku ile hata kwenye kamba hakuwepo.

Basi. Kalitoa lile la stoo.

Ulimi ukafa. Komal kanileta huku, kanipa karatasi. Andika ulichoona, kwa lugha yako, tutamtafuta mtu wa kutafsiri. Kaenda kuandika jina la yule mzee.

Karatasi nyeupe. Najaribu humu daftarini kwanza, nikiharibu nisiharibu ya kwao.

Mimi Kizito siku ile nilitoka kwenye kamba. Ni kweli. Filimbi nilikuwa nayo na sikuipiga.

Hiyo imetoka.

Yule mama hakupita chini ya wavu. Alishuka njia yake. Akili yake nzima.

Kuna mtu anapanda ngazi. Viatu vya ski, ko, ko, ko. Komal anavaa raba, mwenye viatu hivyo ni Gareth.

Wavu ulivutwa na kocha Gareth.